Mtungi wa poda wa kilo 2 kwenye Morris Minor: uzoefu wangu Unguja

Asiye na muda nampa hukumu mapema: mtungi wenyewe wa kuzimia moto, poda ya ABC ya kilo 2 (herufi hizo ni aina za moto unaouzima), naupa alama nne kati ya tano. Breketi iliyokuja nao ndani ya boksi naipa sifuri. Ndiyo maana breketi itachukua sehemu kubwa ya maelezo haya kuliko mtungi.

Gari ni Morris Minor 1000 ya milango miwili, injini ya cc 1098, niliyoachiwa na marehemu baba. Siku hizi kazi yake ni harusi. Inapakia bibi harusi na maua, inajikokota kutoka Mbweni hadi Forodhani nyuma ya ngoma na pikipiki za wapiga picha, jua la saa tisa likiipiga kichwani. Watu hudhani mwendo wa polepole unaipumzisha gari kuukuu. Kinyume chake: haipati upepo, joto linajazana ndani ya boneti, na petroli inachemka kwenye kabureta.

Anayeijua Minor anajua moto utaanzia wapi. Kabureta ya SU na manifoldi ya ekzosi (mabomba ya kutolea moshi) ziko upande mmoja wa injini, kabureta juu, ekzosi chini. Sindano inayofunga petroli kwenye chemba ya kabureta ikikwama kwa uchafu, petroli hufurika, na pa kudondokea ni hapo kwenye chuma cha moto. Betri nayo iko humo humo ndani ya boneti. Kiwandani gari hii ilipewa fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi hata moja, kwa hiyo waya uliokwisha ngozi ukigusa bati, unawaka mpaka mwenyewe uchoke. Afadhali ni moja: pampu ya petroli ni ya umeme. Ukizima swichi, pampu inanyamaza na petroli mpya haiji. Swichi kwanza, mtungi baadaye.

Sasa, mtungi gani? Dukani Darajani utaoneshwa aina tatu. Cha kwanza ni kile kikopo cha kupuliza, mfano wa dawa ya mbu. Ni rahisi, kinakaa mlangoni, na kwenye lebo yake kimeandikwa kisiachwe penye joto la zaidi ya nyuzi 50. Gari iliyofungwa vioo juani kwetu inaupita ukomo huo bila taabu. Nilikirudisha kwenye rafu.

Cha pili ni mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi. Huu niliutamani. Hauachi uchafu, na kwa gari niliyoipaka rangi upya hilo si jambo dogo. Lakini gesi hii hufanya kazi kwa kuifukuza hewa kwenye moto, na moto wa gari huzimwa nje, barabarani, penye upepo. Kusi ikishika kasi kule Mazizini, gesi itakuwa imefika baharini kabla moto haujajua kama umepigwa. Pia haipozi kitu: ukiacha kupuliza, petroli inakutana tena na ekzosi ile ile ya moto. Mtungi ni mzito kupita ukubwa wake kwa sababu chuma chake kinabeba presha kubwa, na hauna geji, hivyo njia ya kujua kama umejaa ni kuupima kwa mizani. Ukivujia ndani ya gari iliyofungwa, anayekosa hewa ni wewe. Jikoni kwenye umeme ningeuchukua. Kwenye gari sikuuchukua.

Wazee waliosoma vitabu vya Waingereza watakuuliza kuhusu haloni 1211, gesi ya kuzimia moto waliyoiita BCF. Kweli ilikuwa dawa: safi, nyepesi, inazima kwa pumzi mbili. Ila inaharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiweka kwenye orodha ya kuondolewa. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwishoni mwa 1993, zetu zikapewa hadi 2010. Ukiuziwa leo kama mpya, jiulize umetoka ghala gani.

Ikabaki poda. Hapo usitazame rangi wala ukubwa wa maandishi ya “ABC”, tazama namba ndogo. Mitungi iliyotengenezwa kwa kanuni za Ulaya ina alama kama 13A 70B: A ni moto wa vitu kama mbao na nguo, B ni wa vimiminika kama petroli. Namba iliyo kabla ya B inatokana na lita za kimiminika kinachowaka ambacho mtungi wa aina hiyo uliweza kukizima kwenye sinia la majaribio. Yangu ya kilo 2 ni 70B. Mingi ya kilo 1 niliyoishika ilikuwa 34B au chini yake, na mtungi wa kilo 1 unamaliza poda yote kwa sekunde kama nane hadi kumi. Hesabu sekunde nane kwa sauti uone zinavyokwisha. Kwa moto wa petroli, na mimi mwenyewe nikitetemeka, nilitaka nafasi ya kukosea pigo la kwanza. Zingatia pia kwamba herufi C kwenye lebo ya Ulaya ni moto wa gesi, na kwenye lebo ya Marekani ni moto wa umeme. Maduka yetu yana mitungi ya kila upande, basi soma michoro pia.

Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji tuupime. Uzito kamili huandikwa kwenye lebo, na wangu ulitakiwa uwe karibu kilo 3 na nusu. Yeye hakuwa na mizani, tukaazima ya jirani yake muuza viungo. Muuza viungo akauliza kama siku hizi watu wanapikia poda hiyo pilau. Uzito ulikuwa sawa, geji ilikuwa kwenye kijani, pini ilikuwa na lakiri yake. Mtungi wa pembeni yake, wa bei nafuu zaidi, geji yake ilikuwa kijani pia, ila hata nilipougonga kidogo mshale haukutikisika, na uzito ulipungua. Ukautazama hivi hivi usingejua.

Tuje kwenye breketi. Ile ya boksini ni ya plastiki, ina skrubu mbili fupi za kuwekea ukutani. Kwenye ukuta wa duka itafaa. Kwenye gari, fikiria mtungi wa kilo 3 na nusu siku gari inapogonga kitu. Msukumo wa mara ishirini ya uzito kwenye ajali si ajabu, na hapo mtungi unavuta kama mtu wa kilo 70. Skrubu mbili kwenye bati la mwaka 1965 hazimshiki mtu wa kilo 70. Nilitafuta breketi ya chuma yenye mikanda miwili na vibano vya kufyatua kwa kidole, nikaikuta Mwanakwerekwe kwa mtu anayeuza vifaa vya boti. Wenye boti wanajua kufunga vitu visiruke.

Mahali palitushughulisha kuliko ununuzi. Buti sikutaka: tangi la petroli la Minor liko huko huko nyuma, na huwezi kuufuata mtungi huko huku moto unakuzuia. Juu ya rafu ya kioo cha nyuma na juu ya dashibodi sikutaka pia, kwani mtungi wangu umeandikwa mwisho nyuzi 60, na juani joto la hapo juu linapita kiasi hicho. Sakafuni kuna kivuli.

Fundi wangu alikuja na drili mkononi. “Dada, tutoboe hapa chini ya miguu yako, uwe nao karibu.”

“Fundi, hebu lala kwanza chini ya gari utazame hapo pana nini.”

Akalala, akatoka anacheka. “Pana masta ya breki, dada. Tungetoboa tungekwenda bila breki.”

Kwenye Minor masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, imefichwa chini ya sakafu ya dereva, ndani ya mguu wa chesisi. Hata pasingekuwa na hiyo masta, mbele ya dereva nisingekubali: mtungi ukichomoka utabingirika hadi chini ya pedali. Na kile kifuniko cha giaboksi katikati hakifai, kimeshikwa kwa skrubu ndogo na hufunguliwa kila giaboksi inapotengenezwa.

Tukauweka upande wa abiria, sakafuni, ukilala kwa urefu wa gari, umekaribia katikati, mbele kidogo ya kiti. Kiti cha abiria cha milango miwili hukunjwa mbele ili wa nyuma wapite, kwa hiyo tulikikunja kwanza na kupima kwa kipande cha boksi kabla ya kutoboa. Kutoka kwenye usukani naufikia kwa mkono wa kushoto bila kuvua mkanda, na mtu aliye nje akifungua mlango wa abiria anaukuta. Boliti nne za milimita 8, na chini ya sakafu bamba la chuma la milimita 3 badala ya washa tupu, ili mvuto usambae. Nati ni zile zenye mpira ndani, hazilegei kwa mtikisiko. Kila tundu lilipakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya boliti kuingia. Fundi aliona hayo ya rangi ni mapambo ya wanawake. Chumvi ya kisiwa hiki inakula bati jipya, seuze la Morris.

Kulala ubavu hakuna ubaya kwa mtungi uliohifadhiwa ikiwa breketi ni ya hivyo. Wakati wa kupuliza ndipo lazima mtungi usimame wima, kwani bomba la ndani linavuta kutoka chini.

Mtungi umewahi kufanya kazi, ingawa si kwenye Morris. Jirani yetu wa Kikwajuni alikuwa akiipiga teke Vespa yake inayovuja petroli, ikapumua moto ubavuni. Pini yangu ilikuwa ngumu, ikataka kuzungushwa kwanza ndipo ivutwe. Jaribu kuishika yako kwa mkono wenye jasho ujue. Baibui nililibana kwapani, nikasimama upande upepo unakotoka, nikapiga chini kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake. Mapigo mawili mafupi, moto ukafa. Poda ikatanda kichochoro kizima. Jirani alitoka na kanzu nyeupe kuliko aliyoingia nayo.

Nilimsisitiza aioshe Vespa jioni ile ile. Poda ya ABC ni fosfeti ya amonia, inayeyuka juu ya chuma cha moto na kuganda. Ikipata unyevu inageuka tindikali inayokula aluminiamu na nyaya. Hiyo ndiyo alama moja niliyoukata mtungi: ukiupuliza kwenye injini, una kazi ya kuosha hadi usiku. Kuna poda ya BC tu, ya bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni mpole zaidi kwa chuma. Lakini haiwezi viti na mazulia, na viti vya Morris yangu vimejazwa vitu vinavyowaka vizuri sana.

Kesho yake asubuhi geji ilikuwa imelala kwenye nyekundu, ingawa zaidi ya nusu ya poda ilikuwemo. Hii ni tabia ya mitungi ya poda: chembe hubaki kwenye mdomo wa valvu, haifungi sawasawa, presha inatoka taratibu. Ukipuliza hata kidogo, lazima ujazwe upya.

Kujaza ndiko kulikonikera. Karakana ya kwanza walitaka kuurudishia presha kwa kompresa ya matairi, poda ile ile. Hewa ya kompresa kwetu ina maji, na poda ikipata maji inakuwa mawe. Kinachotakiwa ni naitrojeni kavu, poda ya zamani imwagwe, valvu isafishwe. Nilikwenda kwingine, nikakaa kwenye kigoda nikatazama wanavyofanya. Bei ilikaribia ya mtungi mpya. Wapo watakaoamua kununua mpya, siwalaumu.

Matunzo mengine ni mepesi. Kila mwezi ukiandama naufungua kwenye breketi, naugeuza kichwa chini, naupigapiga kitako kwa kiganja mpaka nisikie poda inateremka, kwa sababu mtikisiko wa barabara huishindilia chini. Natazama geji na mpira wa kupulizia kama haujapasuka. Tarehe iliyopigwa chini ya mtungi niliiandika kwenye daftari la gari. Waingereza huifungua mitungi ya poda na kuikagua ndani kila baada ya miaka 5, nami nimeufuata mpango huo.

Siku moto ukiwa kweli ndani ya boneti, usiifungue yote, utaulisha hewa. Mwongoze kila mtu ashuke, legeza boneti ibaki kwenye ndoano yake, puliza kupitia mwanya ule na kutoka chini. Mtungi ukiisha na moto ungalipo, rudi nyuma uwaachie zimamoto. Mabibi harusi wangu nawaonesha mlango unavyofunguka kabla hatujaondoka, na hakuna hata mmoja aliyesikiliza.

Kilichobaki ni vibano vya mikanda. Licha ya kutoka kwa muuza vifaa vya boti, vimeanza kushika kutu pembeni, na kimoja kinagoma kufyatuka hadi ukipige kwa kidole gumba mara mbili. Nimevipaka grisi kwa sasa, na shemeji yangu anayekwenda Dar nimempa kimoja kama mfano aniletee jozi ya chuma kisichoshika kutu.