Dire Wolf na Raspberry Pi nje ya nyumba: uzoefu wangu na redio ya pakiti kwa mazoezi ya dharura

Hukumu kwanza: kama unataka redio ya pakiti utakayoitegemea siku mitandao ya simu imekufa, tumia programu ya Dire Wolf kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na modemu ya kisanduku, yaani kifaa kinachogeuza maandishi kuwa milio ya redio na kuyarudisha, iwe ya akiba. Nasema hivi baada ya kuvitumia vyote viwili nje, chini ya turubai, kwa umeme wa betri, pamoja na wenzangu wa redio ya ridhaa. Mezani nyumbani tofauti huioni. Umeme upo, kivuli kipo, kituo unachowasiliana nacho kiko chumba cha pili, kila chombo kinapendeza. Ukitoka nje ndipo chombo kinaonyesha tabia yake.

Kwa wasioijua, redio ya pakiti ni kutuma maandishi kwa redio ileile unayoongelea. Herufi zinageuzwa milio miwili, mmoja wa hertz 1200 na mwingine wa hertz 2200, zinasafiri kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde, na upande wa pili zinarudishwa kuwa herufi. Utaratibu wake, AX.25, ni wa siku nyingi. Toleo la 2.0 lilichapishwa mwaka 1984. Kasi yenyewe ni ya kobe: baiti 150 kwa sekunde kwa hesabu za karatasini, na pungufu ya hapo kwa vitendo, maana redio zinapokezana, moja ikirusha nyingine inyamaze. Usiote kutuma picha. Ila kila pakiti imebeba hesabu ya ukaguzi, na mkiwa mmeunganishwa, pakiti iliyoharibika hata biti moja inatupwa na kutumwa upya. Sikiliza mtu akisoma kwa sauti orodha ndefu ya majina na dozi za dawa kwenye masafa yenye mvumo, kisha tazama orodha hiyohiyo ikifika kwa maandishi bila herufi kukosewa. Baada ya hapo hutaulizia tena kasi.

Seti yangu ni Raspberry Pi, kadi ya sauti ya USB ile ndogo, waya unaoingia tundu la data nyuma ya redio ya gari ya VHF, betri ya volti 12 na antena ya waya inayokunjika. Dire Wolf, iliyoandikwa na John Langner (jina lake la hewani ni WB2OSZ), ni ya bure, na ndiyo inayofanya kazi yote ya modemu. Ujumbe wenyewe nauandika kwa Pat, programu ya Winlink (mfumo wa barua pepe kwa redio) inayofunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo Pi inakaa ndani ya boksi kivulini nami nashika simu. Skrini ya laptopu kwenye jua kali haisomeki, na hilo peke yake lilitosha kunihamisha.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba Dire Wolf inaongea. Kila pakiti inayoingia inaandikiwa mstari: nani ametuma, sauti imeingia kwa ukubwa gani, halafu kwenye mabano namba mbili, moja kwa kila mlio. Mwongozo unashauri ukubwa wa sauti uwe karibu na 50. Kwenye zoezi mojawapo, kituo cha mwenzetu kilikuwa kinaingia vizuri kwa ukubwa wa jumla, lakini mabanoni mlio wa juu ulikuwa karibu nusu ya ule wa chini, wakati vituo vingine namba zake zilikaribiana. Tukajua tatizo liko kwake, wala si kwetu. Kuchungulia menyu ya redio yake, tundu la data lilikuwa limewekwa kwenye kasi ya 9600 badala ya 1200, kwa hiyo sauti ilikuwa inatoka bila kukuzwa upande wa juu kama redio za FM zinavyotakiwa. Dire Wolf ilikuwa bado inazisoma pakiti zake. Kisanduku kilichokuwa meza ya jirani kilikuwa kinazikosa nyingi, na mwenyewe akidhani amewekwa mbali mno.

Kisanduku chenyewe sikitaji jina, maana sina ugomvi na waliokiunda. Ni kidogo, kinakula umeme kiduchu, unakiunganisha na simu kwa Bluetooth na baada ya dakika chache uko hewani. Kwa kubeba mgongoni hakina mpinzani. Shida ni kwamba kina taa tu. Taa ya kupokea ikiwaka na ujumbe usitokee, huna pa kushika: sauti imezidi, imepungua, au ni mvumo mtupu? Cha kwangu pia kilizoea kukata Bluetooth pale simu inapojizimia skrini, na kuunganisha upya kulitaka kuzima na kuwasha. Katikati ya zoezi hilo linaudhi. Katikati ya mafuriko sijui lingeitwaje.

Sasa mambo ya uwanjani, ambayo hayamo kwenye karatasi ya maelekezo ya chombo chochote.

Redio ya mkononi ina utaratibu wa kuokoa betri: inalala, inaamka kidogo kusikiliza, inalala tena. Kwenye maongezi hutambui, kwa sababu utapoteza silabi moja ya kwanza na utaelewa tu. Pakiti ikikatwa kichwa imekufa yote. Zima kabisa utaratibu huo. Fungua pia kizuia mvumo mpaka mwisho, masikio yako yavumilie, kwa kuwa programu inajua yenyewe kipi ni data na kipi ni makelele. Kisha ipe redio inayorusha muda wa kutulia kabla ya data kuanza. Dire Wolf inauita TXDELAY, na 30 iliyowekwa tangu mwanzo ni milisekunde 300. Kwa redio nyingi inatosha. Redio nzito kuamka zinataka zaidi. Na usitegemee redio ijirushe yenyewe inaposikia sauti. Mfumo huo unachelewa kuwaka na unachelewa kuzima, na hapo katikati jibu la mwenzako linapotea. Weka waya halisi wa kitufe cha kurushia.

Jambo lililotutoa jasho ni mawimbi yetu wenyewe. Ukirusha wati 25 huku antena iko hatua mbili kutoka mezani, mawimbi yanaingia kwenye waya wa USB, kadi ya sauti inapotea, na ukiwa na bahati mbaya redio inabaki imeng'ang'ania kurusha. Hapo umefunga masafa kwa kila mtu, katika saa ambayo yanahitajika kuliko siku zote. Dawa tuliyoiona ni kusogeza antena mbali na meza, kubana vipande vya feraiti (vizuia mawimbi) kwenye waya wa USB, kupunguza nguvu, na kuweka kwenye redio kikomo cha muda wa kurusha ili ijikate yenyewe. Hicho kikomo kiwekwe hata kama kila kitu kinakwenda vizuri.

Umeme wa Pi nao una deko. Waya mwembamba mrefu wa USB unaipunguzia volti, na alama ndogo ya radi kwenye skrini ndiyo inayokuambia kwamba volti 5 hazifiki. Nunua kigeuzi kizuri cha volti 12 kwenda 5 na waya mfupi mnene. Uizime kwa utaratibu wake pia. Ukichomoa tu, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika, na hapo kisanduku chenye taa kitakucheka.

Antena sitaisemea sana, ila kwa yule anayetaka kununua kikuza nguvu: nyanyua antena kwanza. Kwenye ardhi tambarare upeo wa redio kwa kilomita ni takriban mara 4.1 ya kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Antena iliyo mita 2 juu ya ardhi inaona kama kilomita 6, iliyo mita 9 inaona 12, na upeo wa kituo cha pili unajumlishwa juu yake. Kebo isizidi inayohitajika. Mita 10 za kebo nyembamba ya RG-58 kwenye masafa haya zinakula zaidi ya theluthi moja ya nguvu yako kabla haijafika juu.

Kuhusu Winlink nina neno. Wengi hufanya mazoezi kwa kupitia lango lenye intaneti, barua pepe inafika, wanapongezana. Lakini lango la VHF unalolifikia mara nyingi liko ndani ya eneo lilelile lililokumbwa na maafa, na intaneti yake inaweza kuwa imekwenda na yako. Jizoezeni kutumiana moja kwa moja, kituo kwa kituo. Kama vituo viwili havisikiani, vitarusha kwa wakati mmoja na kugongana kwenye cha tatu, kila kimoja kikiamini njia ni nyeupe. Wekeni kituo cha kurudufisha pakiti mahali palipoinuka, na kila mmoja apunguze idadi ya pakiti anazotuma kwa mkupuo. Tulipofanya hivyo foleni ilipungua waziwazi.

Kumbuka pia kwamba redio ya ridhaa inataka leseni, na kwa jumla hairuhusu kuficha maana ya ujumbe kwa msimbo wa siri. Chochote unachotuma kinaweza kusomwa. Majina ya wagonjwa na hali zao yapangiwe utaratibu na wahusika mapema, msisubiri hewani.

Alama zangu: nyota nne kati ya tano kwa Dire Wolf na Pi. Moja nimeitoa kwa sababu faili la mipangilio linaandikwa kwa mkono, na asiyezoea Linux atahitaji mtu wa kukaa naye jioni nzima. Kisanduku nakipa tatu. Anayetaka tu kuonekana kwenye ramani ya APRS (mfumo wa pakiti unaoonyesha nani yuko wapi) na kutuma ujumbe mfupi, hicho na simu vinamtosha: aweke 144.800 MHz akiwa Ulaya au Afrika, 144.390 akiwa Marekani, achaji betri mbili na apande palipo juu.