Sanduku la kuzalishia nyenje nyumbani: nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya jeli

Sanduku hili sikulinunua kwa kupenda wadudu. Mwanangu wa miaka 11 anafuga mjusi wa madoadoa, jina lake Chui, aina ambayo asili yake ni Afghanistan, Pakistan na pande hizo, na sisi tunaishi ghorofa ya tatu hapa Minneapolis. Mama yangu, aliyeko Tanga, alipoonyeshwa kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo si mjusi kafiri?" Nikamwambia siye, mama, huyu ana kope, anafumba macho, wala hapandi ukuta. "Na anakula nini?" Nyenje. "Wa kununua?" Wa kununua, mama. Akamwita dada yangu aje asikie.

Huko kwenye kununua ndiko tulikochokea. Chui sasa ni mkubwa, anakula nyenje sita au saba leo, kesho anapumzika, kwa wiki ni kama 25. Duka la karibu wanauza kwa kuhesabu, na mwezi wa Januari ukitoka nao lazima uwafiche ndani ya koti kama mtoto mchanga. Nikahamia kuagiza kwa posta. Mzigo wa mwisho, nyenje 500, uliachwa mlangoni asubuhi ya nyuzi 24 chini ya sifuri, nami niko kazini. Kuja kufungua, kama nimefungua pakiti ya majani ya chai. Muuzaji akanijibu kwamba dhamana ya kufika wakiwa hai haihusu siku za baridi kali. Haya, Minnesota mwezi wa Januari, siku isiyo ya baridi kali ni ipi?

Ndipo nikaagiza seti hii, dola 64. Tangazo lilisema sanduku moja, nyenje wasiokwisha. Ilikuja na sanduku la plastiki la kimo cha goti, trei za mayai za karatasi za wao kujificha, mkeka wa umeme wa kutia joto, trei ndogo ya kutagia, chembe za jeli ya maji, pakiti ya chakula, kijitabu na kuponi ya nyenje 250. Nimekaa nayo miezi mitano, kwa hiyo sisemi kwa hasira za wiki ya kwanza.

Naanza na kifuniko. Kina dirisha la wavu wa plastiki. Aliyebuni kitu hiki hajawahi kulala nyumba moja na nyenje. Siku ya tisa walikuwa wameshautafuna wakapata tundu la kupita kidole. Mmoja nilimkuta bafuni, mmoja ndani ya kiatu cha baba watoto, ambaye anafanya kazi usiku, mchana ndiyo anatafuta usingizi, na wa tatu akaingia nyuma ya friji akaanza kulia. Nilikata ule plastiki nikabandika wavu wa chuma wa dirishani kwa gundi ya moto. Dola 7, na tangu hapo hajatoka hata mmoja.

Mkeka wa umeme ni hivyo hivyo tu. Unapata moto, ila hauna kitu cha kuuzima joto likizidi, na kijitabu kinakuelekeza uubandike chini kabisa, palepale inapokaa trei ya kutagia. Mayai ya kwanza yalikauka yote. Kazi yenyewe iko hapa, na kijitabu kimeipitia kwa mistari miwili: mayai yanataka unyevu, wazazi wao wanataka ukavu. Ukilowesha sanduku zima utapata ukungu, vifo, na harufu ya choo cha stendi. Mara ya pili nilibandika mkeka ubavuni, nikaitoa trei yenye mayai nikaiweka kwenye bakuli lenye mfuniko uliotobolewa, kipimajoto kikisoma 31. Siku ya 12 mwanangu akapiga kelele kwamba udongo unatembea.

Trei ya kutagia yenyewe nimeipenda. Ina wavu wa chuma juu, jike anachomeka ule mrija wake wa nyuma, mwembamba kama sindano ya cherehani, anataga udongoni, na wenzake hawawezi kufukua wakayala mayai. Jeli nayo haina mfano. Nyenje ukimwekea maji kwenye kisahani anazama, hata kina cha ukucha kinamtosha kufa. Kwenye jeli wanakunywa wakiwa wamesimama juu yake.

Chakula kiliisha wiki ya tatu na sikununua kingine, ni ghali bure. Nasaga shayiri, naongeza karoti na sukuma wiki. Kilichoniudhi ni kwamba seti haina kalsiamu wala kijitabu hakiitaji. Nyenje ana fosforasi nyingi kupita kalsiamu, na mjusi anayelishwa nyenje watupu mifupa yake hulainika, miguu ikapinda. Unga wa kalsiamu wenye vitamini D3 unanunua mwenyewe. Unatia nyenje kwenye mfuko na unga kidogo, unatikisa kama unavyopaka samaki unga kabla ya kukaanga. Halafu usimwachie mjusi mabaki usiku kucha, maana nyenje mwenye njaa humng'ata yeye.

Sasa hao wasiokwisha. Vifaranga walitoka mamia kwa siku tatu, kila mmoja kama punje ya ulezi. Chui aliwatazama akageuka. Hakuona chakula pale. Ilibidi tungoje wiki tano na zaidi wakue, na muda huo wazazi wao, ambao maisha yao ya utu uzima ni ya wiki chache tu, walikuwa wanakwisha. Kwa hiyo mwezi mzima nina nyenje mia nne na nimerudi dukani kununua nyenje! Kisha wakakomaa wote kwa pamoja, sanduku likajaa, madume yakaanza kuimba saa nane za mchana, jirani wa chini akauliza kwa adabu kama tuna tatizo la bomba. Sanduku moja haliwezi. Yanatakiwa matatu: wazazi, wadogo, na wa kuliwa, na usiwachanganye, wakubwa huwala wadogo. Mawili ya ziada nimenunua dola 9 kila moja, sanduku la kawaida la kuhifadhia nguo, na hayana tofauti na lile la seti. Kundi jipya likija naosha masanduku kwanza, kwa sababu kuna kirusi kilichofagia mashamba ya nyenje Ulaya mwaka 2002, kikaingia huku Marekani miaka michache baadaye.

Mwenye mjusi mmoja mkubwa kama wetu, anayeishi karibu na duka, asijisumbue. Mwenye watoto wa yule mjusi wa ndevu wa Australia, wanaokula makumi kwa siku, azalishe, ila anunue trei na jeli peke yake, mengine ajitengenezee.

Niliwaandikia wauzaji kuhusu kifuniko. Walijibu siku hiyo hiyo, kwa heshima kabisa, wakaniletea kingine bure. Cha plastiki ileile.