TAHADHARI: Jalada "la mkono" lenye doa la kahawa linauzwa tena Lubumbashi

Ndugu wakusanyaji, na hasa ninyi mnaoanza: kuna mtu hapa Lubumbashi anauza michoro ya majalada na katuni za magazeti ya zamani, akiapa kwamba ndiyo yenyewe, iliyochorwa kwa mkono kabla ya kupelekwa kuchapwa. Mimi ameshanila dola 180. Jina sitaji, na namba aliyonipigia haipatikani tena, basi mtambueni kwa kazi yake.

Alianzia WhatsApp. Picha safi, zimepigwa dirishani: mama amebeba beseni la samaki kichwani, nyuma yake bomba la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya shaba, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Chini kushoto, duara la kikombe cha kahawa. Doa hilo ndilo lililonimaliza. Nilimwona kabisa mchoraji amekaa mezani pake, kikombe pembeni. Muuzaji akaongeza kwamba marehemu baba yake alifanya kazi kwa wachapaji, na kwamba kuna Wabelgiji wawili wanakuja kesho, kwa hiyo avansi ya dola 60 iingie leo kwa Airtel Money. Nikatuma. Mtu mzima, mwenye akili zangu.

Tulikutana Kamalondo, jioni, umeme umekatika. Mchoro uko ndani ya kadre, yaani fremu, kioo mbele, mgongoni gundi pande zote. Nisifungue, akasema, unyevu utakula rangi. Nikamalizia zile dola 120, pesa mkononi.

Wiki mbili baadaye nimeenda kumsalimia rafiki Katuba. Ukutani kwake: mama, beseni, bomba la moshi. Na doa, pale pale, ukubwa ule ule. Tulicheka kwanza. Kisha tukatafuta bisibisi.

Chini ya kioo cha kukuza, rangi yote ni vitone vidogo vya mashine, hata kahawa yenyewe ni vitone! Ni jalada lililokwisha kuchapwa, likapigwa picha, likachapwa upya kwenye karatasi nene ya kuchorea. Nilipitisha kidole chenye maji, kikatoka cheusi.

Kinachoniuma ni kwamba mengi yalionekana hata bila kufungua. Jina la gazeti na bei vilikuwa juu pale, wakati mara nyingi mchoraji huacha nafasi wazi, herufi zikaongezwa baadaye na watu wa gazeti. Ukubwa ulikuwa sawasawa na gazeti. Wengi huchora kwenye karatasi kubwa zaidi, mchoro ukapunguzwa wakati wa kuchapa. Hapakuwa na mstari wa penseli chini ya wino, wala rangi nyeupe ya kufunika kosa, wala neno la mhariri pembeni. Mchoro wa kazi huwa mchafu kidogo. Huu ulikuwa kama shati la Jumapili, tukiacha ile kahawa.

Na aibu kubwa kuliko yote, kando ya sahihi imeandikwa "Lubumbashi, 1962". Mwaka huo mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Jina la Lubumbashi lilikuja 1966. Nimezaliwa hapa, hilo nimelisoma shuleni, na nilisimama mbele ya tarehe hiyo nikihesabu noti.

Akikufikia, mwambie mkutane mchana na afungue kadre mbele yako kabla hujatoa hata franka moja. Avansi kwa simu, hapana. Akileta maneno ya unyevu, mwachie Wabelgiji wake.

Jana nimetumiwa picha ya jalada lake jipya, kijana anasukuma baiskeli ya makaa. Doa ni lile lile, ila safari hii limehamia juu kulia. Mwenye doa hilo nyumbani kwake aniandikie. Tumeshafika watatu, na tunataka kwenda polisi pamoja, kila mtu na kadre yake.