Jim ya wanawake hapa Malindi, nzuri sana ila ule moshi

Nimekuwa nikienda hii jim miezi mitatu sasa, iko ghorofa ya kwanza, saa za wanawake ni saa tatu mpaka saa tano asubuhi, mwanamume haingii kabisa so unavua buibui unajinyoosha raha yako. Mia mbili kwa siku, ukilipa mwezi wanakupunguzia.

Mimi nina baridi yabisi, si ile ya uzee, hii ni kinga ya mwili inageuka inashambulia viungo vyenyewe. Ilinianza kwa vidole, naamka nazi nishaikuna iko kwa sinia lakini kukama tui siwezi, mkono haufungi, mpaka lipite saa nzima ndo vidole vinalegea. Sasa koch wa pale (ni mwanamke) siku ya kwanza hata chuma hakunipa, aliniuliza wapi panauma, natumia dawa gani, akanishika kifundo cha mkono akakibonyeza polepole akasema "hiki kimevimba dadangu, leo hatubebi kitu, tutembee tu." Na hauzi unga wala majani! Mahali pengine niliuziwa unga elfu tatu nikaambiwa niache vidonge vya hospitali, wallahi nililala wiki mbili magoti kama madafu.

Dada zangu, haya magonjwa ni sisi yanatuandama zaidi. Lupus, ambayo nayo ni kinga kugeuka ikashambulia mwili wenyewe, kwa kila wagonjwa 10 kama 9 ni wanawake, na mara nyingi inaanza kati ya miaka 15 na 44. Urithi huwezi kuubadilisha, lakini kuna mengine yako mikononi mwetu. Marekani kuna manesi zaidi ya 120,000 walianza kufuatiliwa tangu 1976, ikaonekana wanaovuta sigara wanapata baridi yabisi zaidi, na hata ukiacha hatari inashuka polepole sana, miaka na miaka. Unene nao unachangia. Wale walioshika mambo kadhaa mazuri kwa pamoja, hawavuti, wanafanya mazoezi, uzito wa kawaida, wanakula vizuri, lupus iliwapata wachache zaidi. Simaanishi aliyeugua kajitakia, mimi sijawahi kugusa sigara na niko hapa. Nasema tu binti zetu waanze mapema, wasingoje vidole vikakamae.

Ndo maana ule moshi unaniuma. Chini kuna baraza ya kahawa, wanavuta tangu asubuhi, na feni za juu ni mbili moja haizunguki kwa hivyo madirisha lazima yawe wazi, moshi wote unapanda kwetu tukiwa tunahema. Nishamwambia mwenye jim mara mbili, anasema atahamisha mashine upande wa nyuma, bado.

Mkienda kaeni kule nyuma karibu na tangi la maji, huko upepo ni safi, na mwambieni koch mapema kama viungo vinauma.