Nani aanze msimu ujao? Tathmini ya College Football 25 kutoka kibanda cha gemu cha Tabora

Kwa miaka sita nimekuwa mlezi wa timu ya mpira wa miguu katika chuo kimoja cha hapa Tabora, na kila mwaka jambo linaloninyima usingizi kabla ya msimu kuanza ni lile lile: kipa yupi aanze. Wachezaji wengine kumi unaweza kuwazungusha, huyu kipindi cha kwanza na yule cha pili, lakini langoni husimama mtu mmoja tu, na mwenzake hukaa benchi akisubiri jambo baya limtokee mwenziwe. Kwa hiyo mwenye kibanda kimoja cha gemu kilichopo Kanyenye aliponiambia kwamba amepata gemu ambalo kichwa kinauma hasa katika kuchagua mtu wa namna hiyo, nilitoa shilingi 1,500 za nusu saa kwa shingo upande, nikaishia kukaa pale muda wa saa mbili.

Gemu lenyewe ni College Football 25 la kampuni ya EA Sports, lililotoka tarehe 19 Julai 2024, nalo linahusu mpira wa Kimarekani unaochezwa na vyuo vikuu, ule wa kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili. Mtu ninayemfananisha na kipa wangu huitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, na ndani ya sekunde mbili tatu lazima awe ameamua kama atamkabidhi mwenzake aliye karibu, ataurusha mbali, au atakimbia nao mwenyewe. Toleo la kabla ya hili lilitoka mwaka 2013, kisha likafuata pengo la miaka 11, baada ya wachezaji kwenda mahakamani wakidai kwamba sura zao zinauzwa na wao hawaambulii kitu. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao, na wale waliokubali kuingizwa katika toleo hili walipewa dola 600 pamoja na nakala ya gemu. Timu zilizomo ni 134, yaani vyuo vikuu vyote vilivyokuwa daraja la juu wakati huo.

Sehemu niliyoicheza zaidi ni ya ukocha, ambamo unakabidhiwa chuo kikuu na kuruhusiwa kukiongoza hadi misimu 30. Mimi nilipofika msimu wa tatu nilijikuta na makwotabeki wawili: mmoja wa mwaka wa mwisho, mwenye alama ya jumla 84, na mwingine wa mwaka wa kwanza, mwenye 86 na mkono wa kurusha mpira kana kwamba anatupa kokoto. Nilimpanga mwenye 86 bila kufikiri mara mbili. Alicheza vizuri mechi mbili za nyumbani, kisha tukasafiri kwenda Kyle Field, uwanja wa Texas A&M wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 102,000, ambao waundaji wa gemu wameuweka wa kwanza katika orodha yao ya viwanja vigumu kwa wageni.

Yaliyonipata pale yanastahili kuelezwa taratibu. Kwa kawaida, kabla mpira haujaanza kuchezwa, unabonyeza kitufe na kuonyeshwa mistari ya njia watakazokimbilia wapokeaji wako, nawe unachagua mapema pa kuurusha. Katika uwanja ule kelele zilipopanda, mistari hiyo ilianza kujipindapinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia, picha ikatetemeka, na kijana wangu wa mwaka wa kwanza akawa ni kama hanisikii. Tulihitaji yadi nane. Nilirusha mpira mahali nilipoamini kwamba mpokeaji atafika, kumbe alikuwa amekata kona upande wa pili, na beki wao akaudaka akiwa peke yake kama mtu anayepokea embe lililoanguka lenyewe. Baada ya kuporwa mpira mara ya tatu nilimtoa, nikamwingiza mzee wa 84. Mistari haikunyooka kabisa, lakini ilitulia kiasi cha kusomeka, na tulipoteza mechi kwa pointi nne tu. Kijana mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akisubiri zamu yake nyuma yangu hakuweza kujizuia: “Mwalimu, nyinyi Wanyamwezi hata kwenye gemu mnakimbilia wazee!” Kwa kuwa ni mtani wangu nilimsamehe, ingawa hakuwa amekosea.

Hapo ndipo gemu hili linapostahili sifa, kwa sababu linatambua kwamba utulivu ugenini ni kipaji kinachojitegemea, na kwamba mtu anaweza kuwa bora mazoezini lakini asifae siku ya mechi. Hata hivyo, linajiharibia lenyewe kwa jambo moja ambalo kwangu ni kubwa. Kila mchezaji wa kikosi chako ameandikiwa namba, za mkono wake, miguu yake na akili yake, na namba hizo hazikosei. Kocha wa kweli hana bahati hiyo. Katika vyuo vikuu vya Marekani makocha huwa na vipindi 15 vya mazoezi ya majira ya machipuko, pamoja na kambi ya Agosti, na bado wengi hufika siku ya kwanza ya msimu wakiwa na shaka.

Tarehe 8 Januari 2018, katika fainali ya taifa, kocha Nick Saban wa Chuo Kikuu cha Alabama alikwenda mapumziko akiwa nyuma kwa 13–0 dhidi ya Georgia, akamwacha nje kwotabeki Jalen Hurts, ambaye kwa misimu miwili alikuwa amepoteza mechi mbili tu kati ya zile alizoanza, akamwingiza Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza, na wakashinda 26–23 katika muda wa nyongeza kwa pasi ya yadi 41. Kama Saban angekuwa na skrini inayomwonyesha nani ana 84 na nani ana 86, asingesubiri nusu ya fainali ipite. Naye Jim Harbaugh wa Michigan, mwaka 2022, alishindwa kabisa kuamua kwa macho, akampa Cade McNamara mechi ya kwanza na J.J. McCarthy mechi ya pili, ndipo akamchagua McCarthy. Msimu uliofuata kijana huyo akawapa ubingwa wa taifa. Katika gemu, mashindano ya namna hiyo hayana maana, kwa kuwa jibu liko kwenye karatasi kabla ya swali. Shaka imebakizwa kwa vijana wa sekondari unaowasaka pekee, ambao uwezo wao umefichwa hadi utumie saa zako za upelelezi kuwachunguza, na ukibahatika alama ya kito cha kijani hukuambia kwamba huyu ni bora kuliko sifa zake.

Lililonigusa zaidi ni linalotokea msimu ukiisha. Unaletewa orodha ya wachezaji wanaotaka kuondoka, nawe hupewa nafasi chache za kuwabembeleza. Kijana wangu wa 86 alikuwamo, kwa sababu ambayo sikuhitaji kuisoma. Pengine ningemzuia mapema kwa kumhifadhi mwaka, yaani kumchezesha mechi zisizozidi nne ili mwaka ule usihesabiwe katika misimu yake minne, kama kanuni halisi ilivyoruhusu kuanzia 2018, lakini nilikwisha kumchezesha sita kwa tamaa yangu. Nilimbembeleza, akakataa. Kwotabeki Joe Burrow naye aliondoka chuo cha Ohio State mwaka 2018 baada ya kukosa nafasi, akaenda LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, na mwaka uliofuata akarusha pasi 60 za tachidauni, yaani zilizodakwa katika eneo la mwisho la wapinzani au kufikishwa humo, na kutwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja kati ya 15. Kipa wangu wa pili wa mwaka juzi hakuhama chuo. Aliacha tu kuja mazoezini, na mimi nikajifanya sijui sababu.

Ipo pia sehemu ya kuwa mchezaji mmoja, ambamo unaanzia benchi na kupanda kwa kupata imani ya kocha huku ukigawa wiki yako kati ya masomo, mazoezi na mapumziko. Vijana wa kibandani wanaipenda. Mimi ilinichosha haraka, kwani mazoezi ya kugombea namba ni yale yale yanayojirudia.

Kwa anayetaka kununua, ajue kwamba gemu hili halichezeki kwenye PlayStation 4, ambayo ndiyo iliyojaa katika vibanda vyetu. Linahitaji PlayStation 5 au Xbox Series. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na asiyeujua mchezo atahitaji mtu wa kumweleza kwa nini timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Kwa maoni yangu ni afadhali kulipia nusu saa kibandani mara kadhaa kabla ya kutoa fedha nyingi. Nendeni asubuhi ya siku za kazi, maana Jumamosi jioni runinga zote huwa zimetekwa na soka, na mwenye pedi hakubali kuinuka.

Kuhusu kibanda chenyewe, ambacho sitakitaja jina, viti ni vizuri na pedi hazijalegea, ila umeme ukikatika katikati ya mechi unalipia upya, na majalada ya wateja wote yamehifadhiwa mahali pamoja bila kutenganishwa. Wiki iliyopita nilipofungua jalada langu nilikuta mtu asiyejulikana amelichezea. Alikuwa amemweka benchi kwotabeki niliyempanga na kumwanzisha kijana wa mwaka wa pili, mwenye 79, ambaye mimi sikuwahi hata kumtazama. Timu ilikuwa imeshinda mechi mbili, moja ikiwa ya ugenini. Nilimlalamikia mwenye kibanda kama ilivyonipasa, kisha nikakaa kitini nikaendelea na mechi ya tatu bila kubadilisha kikosi.