Zahanati ya huku machimboni: maoni yangu baada ya miezi minane

Nauza chai, maandazi na githeri kwenye machimbo ya mawe upande wa Njiru, pembeni kabisa mwa Nairobi. Wateja wangu ni wachongaji mawe, vijana wa kupakia lori na akina mama wanaoponda kokoto. Nawaandikia wenzangu wa huku wanaouliza kama ile zahanati ya serikali inafaa au ni kupoteza siku bure. Inafaa. Lakini ina tatizo moja kubwa.

Nianze na mama mwenye begi, maana bila yeye singefika huko. Ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale karibu 100,000 waliozinduliwa na serikali Septemba 2023, na kila mmoja amepewa nyumba kama mia moja za kuangalia. Wetu anaishi ploti ya tatu kutoka kwangu. Siku moja alikuja machimboni saa saba mchana, wakati wa chakula, akaomba aketi kwenye benchi langu. Akatoa mashine ya presha, ya sukari na kipimajoto, akaanza kuwaita wanaume mmoja mmoja huku wakila.

Mume wangu alikataa. Yule mama akamwambia, "Baba, mkono mmoja tu, na huo mwingine uendelee na githeri." Akacheka, akautoa mkono. Mashine ikasema 178 juu ya 110, yaani presha iko juu sana. Akamwacha atulie dakika tano, akapima tena: 174 juu ya 108. Mume wangu akasema kichwa kinamuuma kila siku lakini alidhani ni jua. Wote hapa tulidhani ni jua.

Alipewa karatasi ya rufaa, kesho yake tukaenda. Tulifika saa mbili asubuhi, tukatoka saa sita kasoro. Foleni ilikuwa ndefu, ila sista alimsikiliza bila haraka, akamweleza kuhusu chumvi, akampa tembe za mwezi mzima. Hatukulipa hata shilingi. Hapa nawaomba mnisikie vizuri, kwa sababu watu wengi machimboni wanakaa na ugonjwa wakidhani lazima walipe mchango wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, wa mwaka mzima kwanza. Zahanati na kituo cha afya hulipwa na mfuko wa afya ya msingi. Unachohitaji ni kujisajili, na kujisajili ni bure: piga *147# ukiwa na kitambulisho. Mchango utaulizwa ukipelekwa hospitali kubwa, ngazi ya nne kwenda juu.

Sasa tatizo. Zahanati yetu hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi na moja. Mchongaji hulipwa kwa idadi ya mawe. Asipochonga leo, leo hakuna pesa, na nyumbani tuna watoto watatu. Kwa hiyo dawa ya bure ilikuwa inatugharimu mapato ya siku nzima kila mwezi. Mwezi wa tatu wa matibabu mume wangu hakwenda. Wa nne pia hakwenda. Mimi sikujua, niliona tu pakiti tupu chini ya godoro, nikalia. Watu wakihesabu kilomita hadi zahanati, wahesabu na hiyo siku.

Nilikwenda mwenyewe kuongea na sista msimamizi. Hakunifukuza. Tulikubaliana kwamba yule mama wa begi ampime mume wangu machimboni, aandike, mimi nipeleke karatasi na kuchukua tembe za miezi miwili, na mume wangu aende mwenyewe kila baada ya miezi sita kuonwa. Wachongaji wengine wanne wameingia kwenye mpango huo. Kwangu hii ndiyo huduma bora niliyowahi kupata kwa mtu wa serikali, na bado nasema Jumamosi moja kwa mwezi ingesaidia wengi zaidi.

Dawa zenyewe ziliwahi kuisha mara moja, nikanunua kemisti.

Kuna jambo jingine ambalo sitaki kulipita. Kijana mmoja mpakiaji alikuwa akikohoa wiki tatu, tukisema ni vumbi. Vumbi la mawe huchosha mapafu kweli, na mapafu yaliyochoka hushikwa na kifua kikuu upesi. Mama wa begi akamwambia kikohozi kikipita wiki mbili lazima makohozi yapimwe. Yalipimwa, ikawa ni TB. Vipimo na dawa za miezi sita ni bure, na wote wa nyumbani kwake waliitwa kupimwa. Sasa yuko mwezi wa nne, amenenepa, anakula sahani mbili.

Kama unaenda mara ya kwanza, fika kabla ya saa mbili, beba kitambulisho na simu uliyojisajilia, na kama unatumia dawa yoyote beba pakiti yake hata ikiwa tupu. Jumatatu epuka, foleni ni ndefu. Na kama unafanya kazi machimbo ya huku, mama mwenye begi huwa kwenye benchi langu Jumatano saa saba. Wiki iliyopita presha ya mume wangu ilikuwa imeshuka hadi 136 juu ya 84.