Uzoefu wangu wa kuvua na kurudisha suspensheni ya nyuma ya pikipiki ya theluji nyumbani

Nianze na hukumu yangu. Suspensheni ya nyuma ya pikipiki ya theluji, hii yenye reli mbili ndani ya mkanda wa mpira unaoisukuma mashine, mikono miwili inayoishikiza kwenye mashine, na springi nene za kujipinda, mwenye mashine anaweza kuivua na kuirudisha mwenyewe nyumbani, alimradi ana spana nzuri na hana haraka. Nimeifanya kazi hiyo kwenye mashine yangu na nimeridhika na jinsi kifaa hiki kilivyoundwa, isipokuwa mambo mawili nitakayoyasema. Wengi hukwama wakati wa kuirudisha. Ikishatoka hujitanua, na matundu yaliyokuwa yakitazamana vizuri hukataa kabisa kuonana.

Kwa nini uivue wakati inafanya kazi? Theluji iliyoyeyuka huingia kwenye bushi za mikono, zile bomba fupi ambamo shafti hugeukia, inasukuma grisi nje kidogo kidogo, halafu shafti inashika kutu mahali ambapo jicho halifiki. Mashine ikiwa imesimama huoni dalili yoyote. Unachohisi ni suspensheni kuwa ngumu kwenye matuta, na watu wengi hulaumu shokapu.

Maandalizi ni mafupi. Legeza kwanza nati ya ekseli ya nyuma, kisha bolti za kurekebisha mkanda kila upande, mpaka mkanda uning'inie. Hapo toa nguvu ya springi. Mguu mrefu wa kila springi umekaa juu ya kizuizi cha plastiki kwenye reli, na unabana kwa nguvu ya kuvunja kidole. Mimi huuvalisha kipande cha bomba la chuma, nikauinua kidogo na kuusogeza pembeni, uso wangu ukiwa mbali na mstari wa springi. Hatua hii haifai kurukwa, kwani springi ikiachwa imebana, bolti ya mwisho hutoka kwa kishindo.

Kisha kuna suala la kuilaza mashine au kuiinua. Kuilaza ubavu juu ya maboksi ya karatasi ni njia inayopendwa kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Lakini mafuta hupenya kwenye mrija wa hewa wa tanki, na betri ya maji ya asidi lazima itolewe kabla. Mimi naona kuinua nyuma kwa winchi iliyofungwa kwenye bampa, au kwa stendi imara, ni bora mara mia. Unainua hadi uzito wa mashine uondoke kwenye suspensheni, lakini mkanda bado unagusa sakafu kidogo. Ukiinua kupita hapo, suspensheni inaning'inia kwenye bolti na kuzibana.

Sasa bolti zenyewe. Ziko nne, mbili za mkono wa mbele na mbili za mkono wa nyuma, zote zimepita kwenye ubavu wa tuneli, lile boksi la alumini linalofunika mkanda. Kila jozi huingia kwenye shafti moja, bolti moja kutoka kila upande. Hapa ndipo kuna mtego ninaoona kila mtu anapaswa kuujua kabla hajashika spana: ukiitoa kabisa bolti ya kushoto, ya kulia huanza kuzunguka pamoja na shafti na haitoki tena. Dawa yake ni kulegeza zote mbili robo mzunguko kwanza, kulia na kushoto, kabla ya kutoa hata moja. Kama tayari inazunguka, rudisha ile ya upande wa pili uikaze sawasawa, ishikilie kwa spana, ndipo ufungue hii. Bolti nyingi hupakwa gundi ya nyuzi (ya kuzuia bolti isilegee) kiwandani, kwa hiyo ikigoma ipashe moto kidogo kwa mashine ya hewa ya moto badala ya kuining'inia kwa uzito wa mwili. Kichwa kikikatika humo ndani ya shafti, kazi ya jioni moja hugeuka kuwa ya wiki.

Ikishakuwa juu ya meza ndipo unaona thamani ya jasho lako. Zungusha kila gurudumu kwa kidole ukiwa umeweka sikio karibu. Beringi nzima huzunguka kimya na kusimama taratibu, ila iliyoingia maji hutoa mkwaruzo mkavu kama wa mchanga, na ukiitikisa kando unahisi inachezacheza. Jambo ninalolipenda hapa ni kwamba beringi hizi ni za kawaida kabisa. Za magurudumu madogo mara nyingi ni namba 6004, tundu la milimita 20 na kipenyo cha nje cha milimita 42, na za ekseli ya nyuma mara nyingi ni 6205, yaani 25 kwa 52. Soma namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi yako, kisha utazipata popote wanapouza beringi za mashine. Chagua zenye sili ya mpira pande zote mbili.

Angalia pia plastiki zilizo chini ya reli. Zina mstari wa kuonyesha ukomo wa kulika, na zikifika hapo badilisha zote mbili kwa pamoja. Shokapu za gesi ziache kama zilivyo. Ndani kuna naitrojeni yenye shinikizo kubwa, na kuzifungua ni kazi ya mwenye vifaa vyake. Wewe tazama tu kama zinavuja na kama fimbo yake ina mikwaruzo.

Toa shafti za mikono, zisugue kwa brashi ya waya, futa bushi, paka grisi inayostahimili maji, rudisha. Sina zaidi ya hapo.

Kwenye kuirudisha, kifaa kimoja cha bei ndogo ndicho kilichonishangaza: utepe wa racheti, ule wa kufungia mizigo kwenye gari. Zungushia reli na mkono wa nyuma, kaza racheti jino kwa jino, na suspensheni inajikunja hadi urefu unaoutaka. Bila huo, unasukuma kwa goti huku ukijaribu kulenga bolti, na bolti huingia pembeni na kuua nyuzi za shafti. Ingiza pua ya suspensheni ndani ya mkanda kwanza, ishikize bolti za mkono wa mbele kwa vidole tu, kisha legeza au kaza utepe mpaka tundu la mkono wa nyuma lifike mahali pake. Bisibisi ndefu ikipitishwa kwenye tundu husaidia kulilenga. Bolti zote nne ziingie kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Paka gundi ya nyuzi upya, kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako, na kama kitabu kinasema bolti hizo ni za kutumika mara moja, nunua mpya.

Kubana mkanda pia fuata kitabu. Changu kinataka uning'inize uzito wa kilo 7.3 katikati ya mkanda, ushuke milimita 30 hadi 35. Kisha inua nyuma, hakikisha hakuna mtu aliyesimama nyuma ya mashine, washa na uache mkanda uzunguke polepole. Mkanda hukimbilia upande uliolegea, kwa hiyo kaza ule upande unaoukimbilia, kidogo kidogo. Usiuache uzunguke muda mrefu hapo ndani. Theluji ndiyo inayopoza na kulainisha plastiki za reli, na plastiki hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 130.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni hiyo shafti inayozunguka na bolti. Sehemu mbili bapa za kushikia kwa spana zingemaliza tatizo, na hazingeongeza uzito wowote wa maana. La pili ni nipeli ya grisi, yaani kichuchu cha kuingizia grisi, ya mkono wa mbele. Kwenye mashine yangu imetazama juu, ndani ya tuneli, mahali ambapo bomba la grisi haliingii mpaka suspensheni iwe nje. Bushi hiyo ndiyo inayopigwa na theluji kuliko zote, na ndiyo niliyoikuta kavu. Ingegeuzwa itazame chini, ningeipaka grisi mkanda ukiwa mahali pake, na suspensheni ningeivua kwa ajili ya beringi na plastiki tu.